Mgando wa Mama na Jogoo Aliyerudi Mumias

Wenzangu, mmeniuliza jambo moja kwa midomo mitatu: jogoo aliyetoka Mumias akiwa ndani ya tenga kwenda Mombasa kwa mama yangu, mbona amerudi, na mbona hachinjwi? Hamisi ameshawapa jibu lake. Nimemsikia akilitoa gengeni, msikitini, na pale anapotengenezea pikipiki za watu, na kila akilitoa linanenepa. Mimi nilinyamaza. Sasa nawaandikia nyinyi watatu peke yenu jinsi mambo yalivyokwenda, na mkishasoma mtajua kwa nini nanyamaza.

Mumias hadi Nairobi

Kwanza mjue tulikuwa tunafuata nini. Kwetu Shika Adabu, ng'ambo ya Likoni, binti haolewi na sheikh peke yake. Nikaha ikishasomwa, mama wa binti humpikia yeye na mumewe chakula kiitwacho mgando. Ni samaki taa, yule mpana kama ungo, anayechemshwa na ngozi yake na mifupa yake laini mpaka supu ianze kunata. Kisha hutiwa ukwaju, saumu na pilipili manga, kikamiminwa kwenye bakuli na kuwekwa penye baridi mpaka kishikane, mtu akitikisa bakuli kitetemeke kisimwagike. Maana yake hata mtoto aijua: kilichokuwa maji kimeshikana, na ndoa nayo ishikane. Mama akishawalisha nyote wawili ndipo hutamka radhi zake. Kabla ya hapo, hata uzae kumi, kwake yeye bado umeazimwa.

Mimi nilikuwa nimeazimwa tangu niolewe. Nikaha yetu ilisomwa hapa Mumias, kaka yangu Bakari akaja kuwa walii, mama akabaki nyumbani na magoti yake. Kila nikimpigia simu aliuliza habari za binti yetu Rehema, za mvua, za mahindi, kisha akasema, "Na mgando wenu wangoja." Mwaka huu alisema maneno mengine. Alisema, "Njooni kabla mikono yangu haijaanza kutetemeka kuliko huo mgando." Basi tukaenda.

Mgando wenyewe sikuwahi kuuonja wala kuuona ukiliwa. Wasichana hutolewa nje ya chumba mpaka ifike zamu yao. Nilijua harufu yake tu, na hiyo harufu haikuwa ya kumvuta mtu.

Hamisi naye akaamua kwamba haendi ukweni mikono mitupu. Mnamjua. Nilimwambia tununue kitambaa, au sukari na majani ya chai, vitu visivyonya. Akasema mkwe hupelekewa jogoo, tena mzima, tena mwekundu. Akamweka kwenye tenga na kumfunika kwa kanga yangu mpya bila kuniuliza. Toka Mumias mpaka Kisumu jogoo alinyamaza. Toka Kisumu mpaka Nakuru aliwika kila dereva alipopiga honi, na abiria wakawa wanatutazama sisi badala ya kumtazama yeye. Nilivuta ushungi nikajifanya nimelala.

Nairobi hadi Maungu

Nairobi tulibadilisha basi, tukala chapati ngumu na maharagwe ambayo hayakuwa yamemaliza kuiva, na hapo sina zaidi la kusema. Basi la pili lilikwenda vizuri mpaka tukapita Voi, kulikuwa kumeshapambazuka. Karibu na Maungu ukanda wa injini ukakatika. Utingo alitangaza kwamba tutaondoka sasa hivi, kwa sauti ya mtu ajuaye kwamba hatuondoki.

Tulikaa kando ya barabara, jua likipanda, malori yakitupita na kutumwagia vumbi. Bakari akanipigia simu kutoka Changamwe. "Mishi, muko wapi? Mama ametia barafu kwenye beseni tangu alfajiri, bakuli liko ndani yake. Yuasema friji huua ladha." Nikamwambia tuliko. Akaguna. "Basi nimwambie aongeze barafu."

Karibu nasi alikaa bwana mmoja wa makamo, Mtaita, aliyekuwa akirudi Mariakani kutoka mazikoni. Alikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akatukaribisha kama tuko sebuleni kwake. Hamisi alikuwa akimnywesha jogoo maji kwa kifuniko cha chupa. Yule bwana akamtazama sana, kisha akauliza, "Yuaenda wapi mzee huyu?"

"Kwa mama mkwe," Hamisi akajibu, kifua mbele.

"Na wakimkataa?"

Hamisi alicheka mpaka yai likampalia. "Kuku hakataliwi, ndugu yangu. Nani atakataa kuku?"

Nilitaka kusema kwamba kwetu hukataliwa. Kwetu zawadi ikirudishwa siku ile ile iliyoletwa, basi jambo limekwisha na wala halizungumzwi tena. Lakini jua lilikuwa kali, Hamisi alikuwa na furaha, nami nilikuwa na yai mdomoni. Nikaona hayo si maneno ya njiani.

Changamwe

Tulifika Changamwe adhuhuri imeshaadhiniwa. Bakari alikuwa anatungoja kando ya barabara, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na badala ya kutupeleka kwa mama moja kwa moja alituingiza nyumbani kwake. Hapa mtanisamehe nikiwa mkali. Watu wa kwetu wana ugonjwa mmoja: hawawezi kukuona una haraka wasikukalishe. Mkewe alileta mahamri na mbaazi za nazi, kisha chai ya tangawizi, kisha Bakari akakumbuka swala, kisha akatafuta funguo za gari aliloazima, nazo zilikuwa mfukoni mwa suruali iliyotundikwa mlangoni. Huku nyumba zikitetemeka kwa malori ya makontena, mimi nilikuwa naiwazia barafu ya mama.

Hamisi alikula mahamri yote aliyopewa. Nasema hili ili mjue kwamba si mtu wa kuchagua chakula. Muda wote tuliokaa pamoja sijamwona akikunja uso mbele ya sahani ya mtu.

Tulipokuwa tunaaga, Bakari akamshika bega kwa mapenzi. "Shemeji, usitie wasiwasi. Mimi pia nililishwa na mama mkwe wangu kule Mtongwe. Wafumba mato tu, wafungua kinywa, vidole vyake vyaingia, wameza. Imekwisha."

Hamisi alisimama na tenga mkononi. "Vidole vya nani?"

"Vya mama."

"Viingie wapi?"

Bakari akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wa mume wangu.

Barabara ya Dongo Kundu

Siku hizi mtu wa Changamwe anayekwenda Likoni si lazima apange foleni ya feri. Ipo barabara ya Dongo Kundu, ina madaraja marefu juu ya mikoko, na upepo wa huko ni mzuri. Sikuufaidi. Bakari aliendesha akieleza habari za madaraja, na nyuma Hamisi alininong'oneza njia nzima.

"Mama Rehema, wewe unajua hiyo kitu haiwezekani."

"Sikujua kwamba hulishwa kwa mkono. Wallahi sikujua. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia chumba hicho."

"Mama mkwe ni mtu mkubwa kuliko mama yangu mwenye alinizaa. Mimi siwezi kaa na yeye kwa nyumba moja. Siwezi shika mkono yake. Siwezi hata muangalia kwa macho. Sasa mkono yake iingie kwa mdomo yangu?"

Nyinyi ni Wawanga, mnayajua haya kuliko mimi. Mlinifundisha wenyewe, nilipokuja mgeni nikashangaa kuona mume wa shoga yangu akiruka mtaro ili asikutane na mama mkwe wake njiani. Lakini nilidhani, na hapa ndipo nilipokosea, kwamba mila ni kama koti, kwamba mtu akishuka pwani penye joto ataivua. Nilidhani akifika atajikaza, ataingia, atasalimu, atakula. Tena naye alikuwa ameniambia kabla ya kuondoka, "Tutaona huko." Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamngojea mwenzake ajikaze.

"Utamvunja moyo," nikamwambia.

"Nikiingia ndio nitamvunja heshima," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu ya kweli. Nilikasirika naye mpaka masikio yakawaka. Ningekuwa na uwezo ningemteremsha hapo darajani, yeye na jogoo wake.

Shika Adabu

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso mpya, mkono mmoja umeshika fremu kwa ajili ya magoti. Alikuwa amepungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivuta akaninusa shingo kama alivyokuwa akininusa nikitoka madrasa. Kisha akanyoosha mkono kwa Hamisi.

Hamisi akapeleka mikono nyuma. Akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake, akasema, "Shikamoo mama," kwa sauti ndogo. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye tangi la maji kando ya ua. Hapo akakaa juu ya jiwe, tenga likiwa magotini.

Mkono wa mama ulibaki hewani kidogo. Akaushusha akaufuta kwenye leso, ingawa haukuwa na kitu.

"Ana nini mumeo?"

"Ndiyo heshima yao, mama. Kwao mkwe hamkaribii mama mkwe."

"Heshima ya kunikimbia?" Akaniangalia kama nimemletea habari ya uongo. "Haya. Amechoka na safari. Ngieni, chakula chayeyuka."

Chumbani mkeka ulikuwa umetandikwa, ubani umefukizwa, na katikati pana beseni lenye barafu iliyobaki vipande vidogo vinavyoelea. Ndani ya beseni bakuli la udongo, na ndani ya bakuli ule mgando wenyewe, rangi ya chai isiyokolea, nyama nyeupe ya taa ikionekana chini yake. Mama akalitikisa bakuli ili nione. Ulitetemeka, lakini kandokando ulishaanza kuachia.

"Mwite," akasema.

Nikaenda kwenye tangi. Hamisi akatikisa kichwa, ila akanipa tenga la jogoo nilifikishe kwa mama. Nikarudi. Bakari akaenda, akarudi. Nikaenda tena. Kwa muda huo mimi nilikuwa mbeba maneno, na maneno niliyoyabeba yalikuwa mazuri upande wa kutoka na mabaya upande wa kufika.

Hamisi alisema, "Mwambie mama, yeye ni mkubwa sana kwangu."

Nilipolifikisha neno hilo, mama akasema, "Ikiwa mimi mkubwa, mbona namwita haji?"

Hamisi akasema, "Basi Bakari anilishe kwa niaba yake. Ama wewe."

Mama akasema, "Radhi hazitumwi mtu. Zatoka mkono huu." Akauinua, vidole vyake vikinukia ndimu aliyonawia ili viwe safi kwa ajili ya kinywa cha mkwewe. Kisha akasema polepole, bila hasira, na afadhali angekasirika: "Sema kweli, Mishi. Mkwe wangu ananionea kinyaa? Ni samaki, au ni mimi?"

Nikamwapia kwa Mungu kwamba si samaki wala si yeye. Nikamweleza upya habari za Mumias, za watu kuruka mitaro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Bakari naye akaongeza yake, kwamba kila watu wana ada zao. Mama akatuambia tumekuwa mawakili wazuri. Kisha akageukia bakuli.

"Wewe nitakulisha, maana wewe ni wangu. Fungua kinywa."

Nikafungua. Wenzangu, mmetaka kujua chakula chenyewe kilikuwaje, nami sitawadanganya kwa sababu ni cha kwetu. Kwanza ni baridi, na ulimi haukutarajia samaki baridi. Halafu ukwaju unauma mashavu. Halafu kinateleza, na ukidhani kimekwisha kinayeyuka, na hapo samaki anapanda mpaka puani. Kuna vifupa laini vinavyolia kwenye meno. Sikukipenda. Mama alinilisha tonge kwa tonge, kila moja likiwa laini kuliko lililotangulia kwa kuwa barafu ilikuwa imekwisha, na mimi nilimeza yote huku machozi yakinitoka, naye akadhani ni pilipili manga.

Alipofika nusu ya bakuli akasimama. Alichovya vidole kwenye maji, akavifuta. Nilingoja atamke. Hakutamka.

"Nusu yako nimekupa," akasema. "Ile nusu nyingine na tuone."

Tukaitazama nusu ile nyingine ikiachana, mpaka ikawa supu ya kijivu yenye nyama chini. Adhana ya alasiri ikalia, Bakari akatoka kwenda kuswali.

Ndipo nikafanya jambo nililodhani ni la busara. Nikamwambia mama, "Nipe nimpelekee pale pale. Akiinywa mbele yako, utamwona kutoka dirishani, si ni kama umempa wewe?"

Mama alifikiri sana. Nadhani alikuwa anataka kushindwa. Akachukua bakuli kwa mikono yake miwili, akalibusu ukingo, akanipa. "Mpelekee. Mimi nitasimama dirishani. Nataka nimwone uso tu akinywa. Uso tu."

Nikatoka nalo. Nikamwambia Hamisi, "Hii imetoka mikononi mwake. Kunywa, anakutazama."

Hamisi alisimama. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akainama mpaka kofia ikamdondoka. Aliinua macho kidogo akaona dirisha, akaona leso ya mama nyuma ya nondo. Na mume wangu, kwa heshima yote aliyofundishwa na baba yake na babu yake, akageuka. Akaupa uso wake ukuta wa jirani, akampa mama mgongo, akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akatafuna vifupa, akafuta bakuli kwa kidole. Kitu kibaya kile, tena kimeshapata joto, na hakukunja uso hata mara moja. Nilikuwa mbele yake, nilimwona. Mtu pekee aliyepaswa kuuona uso ule hakuuona.

Nilisema, "Geuka, Hamisi." Akasema kwa furaha, mdomo umejaa, "Siwezi, ananiangalia."

Nilipoinua macho dirisha lilikuwa tupu.

Ndani, mama alikuwa anakunja mkeka. "Amenipa mgongo," akasema.

"Mama, ndiyo—"

"Ndiyo heshima yao. Nimesikia." Akauegemeza mkeka ukutani. "Ya mgongo siijui mimi. Bakuli umelirudisha? Haya. Na jogoo wake mrudishie."

Nilimwomba. Nilishika miguu yake, magoti yale yale yanayouma. Alinishika kichwa, akakipapasa, akanitengenezea ushungi vizuri. Hakututukana wala hakutufukuza. Alisema tu kwamba nyumba ni ndogo, na kwa Bakari pana vitanda.

Kurudi

Nilipomtolea Hamisi lile tenga, nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nilikuwa na maneno tayari, tena mengine yalikuwa makali. Lakini alipomwona jogoo ndani yake alitoa macho.

"Amenipa kuku ya njia?" Akakalia lile jiwe. "Mimi? Amenirudishia kuku yangu mwenyewe niende nayo?"

Nyinyi mnajua maana ya mgeni kuondoka na kuku hai mkononi huku kwetu Mumias: hapana heshima ipitayo hiyo. Hamisi aliipanda barabara ya Dongo Kundu akiimba. Alimsimulia Bakari mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyoogopa, jinsi mama alivyomwelewa, jinsi alivyompelekea chakula alipo na kumtukuza kwa kuku. Bakari alinitazama kwenye kioo cha gari. Nikatikisa kichwa, naye akaendelea kuendesha.

Safari ya kurudi haikuwa na lolote. Basi halikuharibika, chakula kilikuwa cha moto, jogoo hakuwika. Nilikaa dirishani nikiwa nimeshiba nusu bakuli.

Mama hupiga simu kama zamani. Huuliza habari za Rehema, za mvua, za mahindi. Kuhusu mgando hasemi tena, na la Hamisi haliulizi. Mara moja nilijaribu kumwambia kwamba mkwewe hunena habari zake kila siku kwa sifa. Akajibu, "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama mbaazi zimepanda bei huku kwetu.

Kwa hivyo mkimkuta Hamisi akisimulia, nawaomba mwacheni asimulie. Akifika pale alipogeuka, itikieni. Kumwambia kweli ni kumwambia kwamba heshima kubwa kuliko zote aliyopata kumpa mtu ilipokewa kama tusi, na sina mdomo wa kuyatamka hayo. Nimeubeba mzigo wa mama ukanivunja mgongo, na wa Hamisi sitaki umvunje yeye.

Jogoo hachinjwi kwa sababu ni wa mama. Kila alfajiri hupanda juu ya banda la kuni akawika, na Hamisi hugeuka kitandani, akanigusa bega.

"Unamsikia mama?" huniuliza.

Nami huitikia, "Nasikia."